Jinsi ya Kuielewa Anodi Bila Kuigusa

Umeitwa ofisini kwa msimamizi wako wa shahada, umeambiwa ukae, ukamiminiwa chai. Hapo ulipaswa kuanza kuogopa, maana msimamizi hampi mwanafunzi chai bure. Anakwambia tanuri la nyuzi 800 hatuna, mtungi wa haidrojeni hatuna kibali chake, ila kompyuta unayo. Basi utatengeneza modeli ya anodi ya seli ya fueli ya oksidi mango. "Ni kazi ya mezani tu," anasema. Mwongozo huu ni wako wewe uliyeitikia "sawa, Prof" kabla hujamaliza kikombe.

Kwanza kijue kitu chenyewe, angalau kwa sura. Mango hapa si embe. Ni ile hali ya ugumu uliyofundishwa kidato cha kwanza pamoja na kimiminika na gesi. Seli yenyewe ni kigae. Ukiishika imepoa utadhani imebanduka bafuni kwa mtu. Katikati yake kuna utando wa zirkonia iliyotiwa itria, unene wake unaweza kuwa mikromita 10 hivi. Upande mmoja inapita hewa, upande wa pili haidrojeni. Ukiipasha moto hadi nyuzi 700 au 800 za Selsiasi, ioni za oksijeni hupenya kwenye utando huo mgumu usio na tundu wala ufa, zikakutana na haidrojeni ng'ambo, ukapatikana mvuke wa maji. Elektroni zinazoachwa hazina pa kupita ila kwenye waya, na huo ndio umeme. Upande wa haidrojeni ndio anodi, nao ndio utakaokuzeesha.

Sura ya kwanza ya tasnifu haitakusumbua, kwa sababu historia yake ni tamu. Mwishoni mwa miaka ya 1890, Walther Nernst akiwa Göttingen, Ujerumani, alibaini kwamba zirkonia yenye itria haipitishi umeme ikiwa baridi, lakini ikipata moto inapitisha na kung'aa mno. Akaifanya taa. Taa yenyewe ilitaka kupashwa kwanza ndipo ikubali kuwaka, kama karabai inavyotaka spiriti. Mwaka 1937 Emil Baur na H. Preis wa Zurich wakaunda seli ya kwanza ya jamii hii. Kwa nini oksijeni inapita humo ndani, ikiruka kutoka nafasi tupu moja hadi nyingine, alikuja kulieleza Carl Wagner mwaka 1943. Anodi yetu nayo ina baba yake: H. S. Spacil wa Marekani, aliyeomba hataza mwaka 1964 na kuipata 1970. Alichanganya nikeli na zirkonia. Zaidi ya nusu karne imepita na bado tunapika kwa mapishi yake.

Mapishi ni haya. Unachukua unga wa oksidi ya nikeli na unga wa zirkonia, unachanganya, unachoma. Kisha unapitisha haidrojeni kwenye moto. Oksidi inanyang'anywa oksijeni yake, inabaki nikeli tupu, nayo inasinyaa kwa takriban asilimia 40 ya ujazo wake. Iliposinyaa panabaki matundu. Unachopata ni kama mkate wa kumimina uliosahaulika jikoni: mgumu, wa kijivu, umejaa vitundu ndani kwa ndani. Nikeli inabeba elektroni, zirkonia inabeba ioni za oksijeni, matundu yanabeba gesi. Ukiibania nikeli ikashuka chini ya asilimia 30 hivi ya sehemu ngumu, punje zake hazishikani tena na njia ya umeme inakatika. Mpaka hapo kila mtu anakubaliana na mwenzake. Furahia, haitatokea tena.

Mmenyuko wenyewe hautokei popote tu. Unahitaji nikeli, zirkonia na gesi zikutane mahali pamoja, na vitu vitatu vikikutana haviachi uwanja, vinaacha mstari. Tuuite mpaka wa pande tatu. Kwa miaka mingi watu waliukadiria urefu wake kwa hesabu za mipira iliyorundikwa. Mwaka 2006 James Wilson, Scott Barnett na wenzao wa Chuo Kikuu cha Northwestern waliichana anodi kwa miali ya ioni, kipande chembamba baada ya kipande, kila kipande wakikipiga picha, kisha wakaijenga upya ndani ya kompyuta. Walipata mita milioni 4.28 za mpaka katika sentimita moja ya ujazo. Hizo ni kilomita 4,280 ndani ya kitu kinachotoshana na kibonge cha sukari. Reli ya TAZARA kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi ni kilomita 1,860. Ungekwenda, ukarudi, na bado ungebaki na zaidi ya kilomita 500 mkononi. Si zote zinafaa, lakini. Sehemu ya mstari huo imejitenga, kama reli isiyofika stesheni yoyote.

Ushauri wetu ni mwepesi: ichukue 4.28, itie kwenye programu yako, uendelee mbele. Anodi unayoiiga wewe ilipikwa na mtu mwingine, kwa unga mwingine na moto mwingine, lakini namba haina mdomo wa kulalamika.

Kuna swali moja usiliulize mbele ya watu: pale mpakani hasa kinatokea nini? Kambi moja inasema haidrojeni inajigawa juu ya nikeli, kisha inaruka mpaka kuifuata oksijeni kwenye zirkonia. Kambi nyingine inasema ni oksijeni inayopanda juu ya nikeli kuifuata haidrojeni. Ipo na kambi ya watu wa haidroksili. Kila moja ina makala zake, grafu zake na wanafunzi wake waliokwishahitimu. Mwaka 2009 Vogler na wenzake wa Ujerumani na Uswisi walizilinganisha njia kadhaa na vipimo, wakaona inayokaribia zaidi ni ile ya haidrojeni kuruka. Ukiwa mtu wa pupa utasema basi, kesi imekwisha.

Haijaisha, na kisa chake ndicho sehemu ninayoipenda kuliko zote. Mkate wa kumimina una vurugu mno, kwa hiyo watafiti waliamua kutengeneza anodi ya kufundishia: kipande cha zirkonia kilichosuguliwa, juu yake vistari vyembamba vya nikeli vilivyopangwa kama mashamba ya mkonge. Urefu wa mpaka unaujua kwa rula. Joto unalijua, gesi unaijua. Mizusaki na wenzake walifanya hivyo Japani mwaka 1994, Bieberle na wenzake wakafanya Zurich mwaka 2001, wengine wakafuata. Majibu yakatofautiana, kati ya maabara na maabara, mara kumi na zaidi.

Wakati huohuo huko Risø, Denmark, kundi la Jensen na Mogensen lilikuwa likifanya jambo la kishamba kabisa: waya wa nikeli unakandamizwa juu ya zirkonia, unapimwa, kisha unanyanyuliwa ili kuona umeacha nini chini yake. Walitumia nikeli ya usafi wa asilimia 99.995, na nyingine ya asilimia 99.8 ambayo dukani ungeiita safi bila kusita. Chini ya hiyo ya pili walikuta tuta la uchafu wa kioo kioo, silika na wenzake, limezunguka pale pale mpakani, kama koga la sabuni linavyobaki pembezoni mwa beseni. Ile asilimia 0.2 haikutawanyika. Ilihamia penye mmenyuko ikajenga nyumba. Kwa maoni yangu sehemu kubwa ya ugomvi wa kambi ni ugomvi wa watu wanaopima takataka tofauti, lakini hilo usiliandike kwenye tasnifu. Mtahini wako anaweza kuwa na kambi.

Twende kwenye milinganyo, huko angalau hakuna uchafu. Utakutana na mlinganyo wa Butler–Volmer, unaounganisha volteji na kasi ya mmenyuko, katika kila makala. John Butler aliianza kazi hiyo mwaka 1924, Max Volmer na Tibor Erdey-Grúz wakaikamilisha 1930. Jina la Erdey-Grúz lilianguka njiani, nadhani kwa sababu ya matamshi. Waliuunda kwa ajili ya metali iliyochovywa kwenye kimiminika. Sisi tumeubeba mgongoni hadi nyuzi 800 tukautua juu ya kigae kikavu, na cha ajabu haugomi. Unahitaji kulishwa namba chache. Ya kwanza inasema volteji inagawanywaje kati ya mmenyuko wa kwenda na wa kurudi. Weka 0.5. Ukiulizwa sababu, sema ni desturi, na utakuwa umesema kweli. Ya pili ni kasi ya mmenyuko ukiwa umetulia, nayo inapanda na kushuka kwa kadiri ya haidrojeni na mvuke, kila kimoja na kipeo chake. Hapo fungua makala mbili kwa mpigo. Utakuta kwa mwandishi mmoja kipeo cha haidrojeni ni chanya, kwa mwingine ni hasi. Yaani kwa mmoja ukiongeza haidrojeni kazi inakwenda mbio, kwa mwingine inazorota. Chagua yule mwenye grafu nzuri.

Gesi nayo inabidi isafiri kutoka nje hadi mpakani, na wanaoijua Mji Mkongwe wataelewa tatizo. Kutoka Darajani hadi Forodhani si mbali kwa kunguru, lakini wewe unapita vichochoroni. Kwenye anodi kuna kigezo kinachosema njia ni ndefu mara ngapi kuliko ingekuwa imenyooka. Mimi nakiita kigezo cha vichochoro. Picha za vipande vipande zinatoa kitu kama 2 au 3. Kwenye makala za modeli utakuta 6, utakuta 10, utakuta na zaidi. Si kwamba vichochoro vya waandishi hao vimepinda kuliko vya wengine. Kila kosa lililokosa pa kulala lilipewa chumba humo. Tanuri halikuwa na joto sawa? Vichochoro. Gesi ilivuja kwenye gundi ya kioo? Vichochoro. Ukipandisha kigezo hicho taratibu, mstari wako utateremka taratibu mpaka ukae juu ya nukta za vipimo, na hakuna atakayekupigia kelele.

Sasa nikusimulie yangu, usije ukasema mwandishi wa mwongozo kazi yake ni kucheka wenziwe. Nilikuwa Sinza, Dar es Salaam, chumba cha uani, feni nimeielekeza kwenye laptopu kwa sababu ndiyo iliyokuwa na homa. Data nilitumiwa na rafiki yangu wa tangu sekondari aliyekuwa akisoma Ujerumani, katika maabara ambayo sitaitaja. Elewa kwamba haidrojeni hailishwi kavu. Ikiwa kavu kabisa, mlinganyo wa Nernst, ule unaokupa volteji ya seli kutokana na gesi zake, unagawanya kwa sifuri na programu inakurudishia matusi. Kwa hiyo wapimaji huipitisha haidrojeni kwenye chupa ya maji, inatoka kwa mapovu ikiwa imebeba mvuke kidogo. Kidogo kiasi gani, kinategemea joto la maji. Daftari la rafiki yangu liliandika: haidrojeni, imepitishwa kwenye maji, joto la chumba.

Joto la chumba. Nikatazama kipimajoto ukutani: nyuzi 31. Kwa nyuzi 31 mvuke ni asilimia 4.4, na kwa seli ya nyuzi 800 yenye hewa ng'ambo, volteji kabla hujaibebesha mzigo wowote inatoka 1.08. Rafiki yangu alikuwa amepima 1.12.

Volteji ya bila mzigo inaweza kuwa pungufu kuliko ile ya Nernst, gesi ikivuja kwa mfano. Kuizidi haiwezi. Nilikuwa nimevunja sheria za themodinamikia, siku ya Jumanne, Sinza, umeme wa TANESCO ukiwa unakwenda na kurudi. Usiku wa kwanza niliogopa. Usiku wa pili nikaanza kutafuta jina la kuupa ugunduzi. Kufika wiki ya tatu nilikuwa na kurasa 11 na kigezo kipya, nilichokipa herufi ya Kigiriki ambayo sikuona mtu mwingine anaitumia. Modeli ilikaa juu ya kila nukta. Msimamizi alifurahi, akaniagizia chai ya pili.

Nikampigia rafiki yangu kumpa habari njema. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza, kisha akasema:

"Mwanangu, joto la chumba la wapi?"

"La chumba. La kawaida."

"Huku ilikuwa Januari. Na dirisha tulifungua, kwa ajili ya gesi. Maji yalikuwa nyuzi 18."

Nyuzi 18, mvuke asilimia 2. Nikaingiza namba hiyo, nikabonyeza, ikaja 1.12. Tofauti ilikuwa milivolti 37. Mwenye betri ya gari atacheka, lakini hasara yote ya anodi nzuri ikifanya kazi huwa kwenye makumi hayohayo ya milivolti. Nilikuwa nimekosea kwa kiasi kinachotoshana na kitu nilichotumwa kukipima. Makala nyingi zinaandika asilimia 3 bila maelezo, kwa sababu ndiyo ya maji ya nyuzi 25, na waandishi wake wengi hawakuyatia kipimajoto yale maji maskini ya kwenye chupa. Kurasa 11 zikaenda pipani. Herufi ya Kigiriki ikarudi kwa wenyewe.

Ukishachoka na volteji utaletewa impedansi. Hapo seli inatikiswa kwa mkondo mdogo, kuanzia mitikiso makumi ya maelfu kwa sekunde hadi mtikiso mmoja kwa sekunde mia, na jibu linachorwa kama matao yaliyopangana. Kila tao ni kitu kinachochelewa: mmenyuko, gesi, au kathodi, yaani upande wa hewa, unaodoea mchoro wa mwenzake. Kazi yako ni kuunda sakiti ya vikinza na kapasita inayotoa matao yaleyale. Tao likikubonyea, ongeza kapasita. Likibonyea tena, ongeza nyingine. Freeman Dyson alipokwenda Chicago mwaka 1953 kumwonyesha Enrico Fermi mahesabu yake, Fermi alimuuliza ametumia vigezo vingapi. Vinne. Fermi akamkumbusha msemo wa rafiki yake John von Neumann, kwamba kwa vigezo vinne unamchora tembo, na kwa cha tano unamtikisa mkonga. Mwaka 2010 wanasayansi watatu walijaribu kweli, wakamchora tembo kwa namba nne changamano. Sakiti yangu ya kwanza ilikuwa na vigezo 13. Kwa hivyo ningeweza kuchora hifadhi yote ya Mikumi, na twiga wake.

Muda utauruka, kama wote tunavyouruka. Nikeli inayeyuka kwenye nyuzi 1,455, kwa hiyo kwa nyuzi 800 haiyeyuki, lakini haitulii pia: punje zinanyemelea, ndogo zinamezwa na kubwa, na kilomita zako za mpaka zinapungua. Haidrojeni ikikatika kwa bahati mbaya hewa ikaingia, nikeli inarudi kuwa oksidi, inavimba kwa takriban asilimia 70 na kupasua kila kilichoizunguka. Ile anodi uliyoiiga ni ya saa ya kwanza ya maisha yake. Andika "hali thabiti" kwenye kichwa cha habari, upite.

Liko jambo moja la mwisho ambalo nakusihi usilifanye. Usichukue vipimo ulivyopewa ukavificha nusu, ukaifundisha modeli kwa nusu nyingine, halafu ukaitaka ikisie vile ulivyovificha: mvuke wa asilimia 40, au joto la nyuzi 650, bila wewe kugusa kigezo hata kimoja. Nawajua wawili waliofanya hivyo. Wote walichelewa kuhitimu, mmoja kwa mwaka mzima, na modeli zao ndizo mbili tu ambazo mimi ningeziazima.

Data ya rafiki yangu ninayo bado na atakayeihitaji nitampa. Juu ya faili nimeandika kwa herufi kubwa: MAJI NYUZI 18, DIRISHA WAZI.